Nilivyofukuzwa Kanisani kwa Kuwa na Miaka Miwili

Mwezi wa Agosti, mwaka wa 2020, nilifukuzwa kanisani kwa sababu nilikuwa na umri wa miaka miwili.

Usisugue macho. Umesoma vizuri.

Nilikuwa na kitambulisho mkobani, watoto wawili wanaokula kama nzige, na goti la kushoto lililoanza kunisumbua kila baridi ikizidi. Lakini mzee mmoja hapo langoni, kule kijijini kwetu Giakanja, alinitazama usoni akaniambia watoto wadogo bado hawaruhusiwi.

Mzee mwenyewe anaitwa Hezekiah. Nilimdharau mtu huyu kwa moyo wangu wote, na naomba uniache nikueleze kwa nini.

Mnakumbuka serikali ilivyoanza kulegeza kamba baada ya korona. Barabara za kutoka Nairobi zikafunguliwa Julai. Kinyozi akarudi kazini, maski zikashuka kutoka puani mpaka kidevuni, na watu wakaanza kusalimiana kwa viwiko kama majogoo wanaojaribiana.

Makanisa nayo yakafunguliwa, ila kwa masharti. Watu mia moja, basi. Ibada saa moja, basi. Na walio chini ya miaka kumi na mitatu au zaidi ya hamsini na minane, wakae nyumbani.

Hebu fikiria. Kanisa la kijijini bila watoto na bila wazee. Wanabaki akina nani? Wanabaki watu kama mimi, tunaoangalia saa mahubiri yakianza.

Mama yangu, Watiri, alikuwa na miaka sitini na mmoja. Na alikuwa na deni moja tu na Mungu: ibada ya shukrani.

Baba alikuwa amefariki mwezi wa Mei. Kifua. Watu waliposikia neno "kifua" hawakungoja majibu ya hospitali, wakajifungia. Majibu yalipotoka, baba hakuwa na korona. Lakini alikuwa ameshazikwa kwa haraka, watu kumi na watano, bila jeneza kuingia kanisani alikoimba bezi miaka thelathini.

Mimi Wacera, mtoto wake wa kwanza, sikumzika. Nilikuwa Nairobi. Nilifika kwenye kizuizi cha polisi na nguo nyeusi nikarudishwa. Nilimwona baba akishushwa kaburini kwenye simu ya binamu, picha ikikwama kila baada ya sekunde kumi.

Kwetu, msiba haujaisha mpaka familia isimame mbele ya kanisa na kushukuru. Mjane anatoa alichonacho, anataja jina la aliyekwenda, kanisa linajibu amina. Bila hiyo, mama alikuwa anatembea kama mtu aliyeacha mlango wazi nyumbani.

Kwa hiyo nilipofika kutoka Nairobi, Jumapili ya kwanza ya Agosti tulijipanga. Mama alivaa kitambaa chake cha chama cha akina mama. Alibeba mkungu wa ndizi. Mimi nilibeba jogoo, miguu imefungwa, ananitazama kwa jicho moja kama wakili.

Langoni tukamkuta Hezekiah.

Koti la kijivu, maski mbili moja juu ya nyingine, na mkononi kile kibunduki cha kupimia joto. Alikishika kama askari aliyepandishwa cheo jana. Kando yake kulikuwa na mtungi wa maji wenye sabuni. Nasema sabuni kwa heshima tu. Yalikuwa maji yaliyosimuliwa habari za sabuni.

Kibunduki chenyewe kilisoma kila mtu nyuzi thelathini na mbili. Kwa kipimo hicho wote tuliokuwa kwenye foleni tulikuwa maiti, lakini Hezekiah alitingisha kichwa kwa kila mmoja kama daktari bingwa.

Akafika kwa mama.

"Mama Wacera, kitambulisho."

"Hezekiah, si unanijua? Tumeimba na wewe kwaya moja."

"Sheria haijui kwaya. Kitambulisho."

Akakisoma akikiweka mbali na macho.

"Umezaliwa hamsini na tisa. Hiyo ni miaka sitini na moja. Serikali imesema hamsini na nane. Rudi nyumbani usikilize kwa redio."

"Nimekuja kutoa shukrani ya mzee wangu," mama akasema polepole. "Dakika tatu tu."

"Pole sana, mama. Korona haina dakika."

Nikahisi damu imepanda. "Mzee Hezekiah, na wewe je? Wewe ni kijana wa juzi?"

Moffat, karani wa kanisa, kijana mpole aliyekaa mezani na daftari la majina, akainua kichwa. "Sister Wacera, mzee ameandikishwa wa mwaka sitini na tatu. Ako na miaka hamsini na saba."

Nilimtazama Hezekiah. Yale makunyanzi. Zile nyusi nyeupe kama pamba. Kama huyo alikuwa na hamsini na saba, basi mimi nilikuwa tumboni bado.

Tukarudi nyumbani. Mama na ndizi zake, mimi na jogoo wangu. Naye jogoo alikuwa chini ya miaka kumi na mitatu, kwa hiyo hata yeye asingeingia.

Mama hakulalamika njiani. Hilo ndilo lililoniuma. Alifika, akakunja kitambaa chake, akakirudisha sandukuni kwa uangalifu kama cha mtu mwingine.

Jumamosi iliyofuata alikuja baba mkubwa Kahiga, kaka wa marehemu baba. Mzee wa miaka sabini na mmoja, mlevi wa wastani, mcheshi kupindukia. Nikamweleza habari ya lango.

"Ati Hezekiah amezaliwa sitini na tatu?" Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye suruali. "Wee Wacera! Hezekiah ni riika yangu! Tulioga mto Gura pamoja asubuhi moja, maji baridi kama kisu, mwaka wa uhuru. Tukaingia mtoni watoto, tukatoka wanaume."

Hapo ndipo taa ikaniwakia.

Kwetu mwanamume akiulizwa yeye ni wa mwaka gani, hasemi alizaliwa lini. Nani anajali? Anasema mwaka aliotahiriwa, yeye na rika lake. Huo ndio mwaka wa mtu mzima. Moffat, mtoto wa kompyuta, alimuuliza, "Mzee, wewe ni wa mwaka gani?" Hezekiah akajibu, "Wa sitini na tatu." Moffat akaandika. Hakuna aliyesema uongo. Na babu wa miaka sabini na mmoja akapewa bunduki azuie wajane wa sitini na mmoja.

Nikasema, kesho kitaumana.

Nilipanga maneno yangu kama mtu anayepanga mawe. Ningemwita mwongo mbele ya foleni nzima. Ningemwita mnafiki. Nilikuwa hata na sentensi moja kuhusu meno yake ambayo sitairudia hapa.

Mama akanisikia nikifanya mazoezi jikoni.

"Utanyamaza," akasema.

"Mami, huyu mtu..."

"Nimesema utanyamaza. Mimi niko na mdomo wangu."

Jumapili tukafika tena. Ndizi zilikuwa zimeanza kuiva, jogoo amekata tamaa. Hezekiah akanyoosha mkono.

"Mama Wacera. Kitambulisho bado ni ile ile?"

"Kitambulisho ni ya serikali," mama akasema. Sauti yake ilikuwa tamu, na mimi ninayemjua nikajua kuna jambo. "Moffat, mwanangu, andika. Watiri. Nimezaliwa tarehe nne, mwezi wa nane, sabini na nne. Uwanja wa Ruring'u."

Moffat akaacha kalamu. "Ulizaliwa uwanjani, mama?"

"Mbele ya mashahidi mia tatu. Nilizaliwa mara ya pili. Ya kwanza siikumbuki, hiyo ninaikumbuka vizuri. Niko na miaka arobaini na sita."

Foleni ikaguna. Mtu akasema, "Amina!" Mwingine akacheka ndani ya maski.

Hezekiah akafungua mdomo. Mama akamwahi.

"Na wewe Hezekiah ulikuwa hapo hapo Ruring'u, ulinishika mkono nikienda mbele. Kila mtu ako na hesabu yake. Wewe unahesabu tangu utoke mtoni. Mimi nahesabu tangu nitoke magotini. Ile yako hatukuuliza ni mwaka wa nini."

Foleni nzima ikamgeukia Hezekiah. Hata jogoo akamgeuzia jicho lake moja.

Hezekiah akainua kibunduki. Kisha akampima. Thelathini na mbili, kama kawaida.

"Ingia, Mama Wacera," akasema.

Mama akaingia na ndizi zake, mgongo umenyooka. Nikampa binti mmoja wa kwaya jogoo ampelekee. Mimi nikabaki kidogo hapo langoni, maana nilitaka kuula ushindi vizuri. Nilimtazama Hezekiah kuanzia kofia mpaka viatu, nikatabasamu.

Akanisogelea. "Na wewe Wacera, umeokoka?"

"Bwana asifiwe, nimeokoka!"

"Ilikuwa lini?"

"Elfu mbili kumi na nane," nikasema kwa maringo. "Krusedi ya Nairobi."

Macho yakamwaka juu ya zile maski mbili.

"Moffat, andika. Wacera, miaka miwili." Akanionyesha barabara kwa kibunduki. "Watoto wa Sande skuli hawaruhusiwi. Kwa hesabu ya nyumba yenu."

Foleni ilivunjika mbavu. Moffat aliangusha daftari. Nami nikaimeza ile sentensi yangu nzima kuhusu meno.

Basi nikakaa nje. Nikasimama chini ya dirisha, karibu na kipaza sauti kilichofungwa kwenye nguzo kwa waya. Ibada ikaanza. Wimbo wa kwanza ulipopandishwa, nikasikia mtu nyuma yangu akiimba bezi kwa sauti ya chini.

Ni Hezekiah. Alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda kando ya mtungi, kibunduki mapajani.

"Mzee, lango limefungwa," nikamwambia. "Mbona huingii?"

"Niingie na miaka sabini na moja? Sheria ni sheria."

"Lakini wewe ulisema sitini na tatu!"

"Moffat aliposikia vibaya, nilinyamaza ili wanipe lango. Sikunyamaza ili wanipe kiti." Akavuta koti. "Nyumbani niko peke yangu na redio. Hapa angalau nasikia watu wakiimba. Tangu tufunguliwe sijakanyaga ndani hata siku moja."

Sikutaka kumhurumia. Nilikuwa nimewekeza sana katika kumdharau.

Kisha sauti ya mama ikatoka kwenye kile kipaza sauti, ikikwaruza.

Alitaja jina la baba. Kanisa likasema amina, na nilisikia kitu kikijifunga ndani yangu, kama mlango uliokuwa ukipigwa na upepo tangu Mei.

Kisha akasema:

"Nashukuru wale kumi na watano waliomzika. Mnajua vijana tuliowalipa kuchimba walitupa majembe waliposikia ni kifua. Walikimbia. Mzee mmoja akavua koti. Akachimba peke yake kutoka saa mbili mpaka saa sita. Alisema rafiki yake wa bezi hawezi kulala juu ya ardhi. Alinikataza nisimtaje, lakini leo nakataa kukatazwa. Ni Hezekiah. Yule mnayemwona hapo langoni na kibunduki."

Niligeuka polepole.

Hezekiah alikuwa anakagua kibunduki chake kwa bidii, kama mtu ambaye betri ndiyo shida yake kubwa duniani.

Ile siku ya mazishi, kwenye simu ya binamu, nilikuwa nimeona mtu mmoja pembeni, shati limelowa jasho na udongo. Picha ikakwama hapo hapo. Nilidhani ni kibarua.

Nilitaka kusema kitu. Kilichotoka ni, "Mzee, asante." Basi. Mwanamke wa mdomo kama mimi.

"Ah," akasema bila kuinua macho. "Baba yako alikuwa na bezi nzuri. Mimi nilikuwa namfuata tu." Kisha akaongeza: "Mtoto wa miaka miwili hasimami juani. Kuja ukae." Akanisogezea nusu ya kreti.

Tulikaa hapo mpaka saa ikaisha, mtoto mchanga na kijana wa hamsini na saba, tukiimba kutoka nje.

Nimewaandikia haya kwa sababu najua wengi wenu mna Hezekiah wenu. Mnamcheka. Mnamtungia sentensi jikoni. Basi kabla hujamdharau mtu, uliza alikuwa wapi siku ile ambayo wewe hukuwepo.

Lakini ile sabuni yake, jamani, ilikuwa maji matupu. Hilo silifuti.