Mgeni wa Kalengera na Sheria ya Tisa

Haya niliyaona mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu zote. Nimekuwa katekista kwa miaka mingi. Nimefundisha watoto wa Katoyi, mtaa wetu wa Goma, Amri Kumi za Mungu, kisha nikafundisha watoto wao, na umri wangu huu si wa kuanza uongo. Asiyetaka kuniamini asome mpaka mwisho, halafu aje Goma anishike mkono wa kulia. Hilo litamtosha.

Ilikuwa ule wakati mlima wa moto ulipopasuka. Lava ilisimama kabla ya kumeza mji, lakini ardhi iliendelea kutetemeka siku nyingi, na watu wakaambiwa watoke. Hata wale ambao hawakuambiwa walitoka. Sisi tulielekea kaskazini, tukavuka mawe mapya yaliyokuwa bado yanatoa moshi, tukafika Kalengera kwa shemeji yangu Mama Riziki, mjane wa mdogo wangu. Alitupokea watu watatu bila kuuliza tutakaa siku ngapi: mimi, mjukuu wangu Furaha, na binamu yake Jospin. Namshukuru mpaka leo katika kila sala.

Furaha na Jospin walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Masomo yalikuwa yamefungwa na simu hazikuwa na moto, yaani chaji, kwa hiyo walicheza mchezo wao. Sijui kama mnaujua. Mmoja anasimulia kisa, wengine kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani ya kisa hicho, na jambo likiwa gumu wanarusha dadu yenye pande ishirini kuona kama limewezekana. Jospin alitaka kuwa mnyonya damu, mfu anayetembea na kuishi kwa damu ya watu. Mchezo waliojifunza haukuwa na sheria za mtu kama huyo, basi Furaha akazitunga mwenyewe katika daftari la shule.

Mnadhani nilikasirika? Niliomba daftari nikalisoma lote. Yule mtoto alikuwa ameandika kwa haki. Kila nguvu aliyompa mnyonya damu aliiwekea bei. Ana nguvu za watu watano, lakini hatembei kwenye jua. Njaa yake inahesabiwa kwa pointi, moja kila siku. Haingii nyumba yoyote mpaka mwenyeji amkaribishe. Zilikuwa sheria nane. Nikamwambia, "Furaha, umeandika namna anavyoingia. Hujaandika namna anavyotoka."

"Anafukuzwa na msalaba, Babu."

"Mgeni uliyemkaribisha humfukuzi. Unamsindikiza."

Jospin akacheka mpaka akashika mbavu. "Babu, nani atasindikiza mutu wa kumunyonya? Atamukulia njiani."

"Yule aliyemkaribisha," nikasema. "Aliyefungua mlango ndiye anayepaswa kutembea naye mpaka barabarani."

"Bon, sawa. Lakini arushe dadu. Akipata chini ya kumi na tano, harudi."

Furaha akaandika hiyo kuwa sheria ya tisa, nyuma ya karatasi ya mwisho. Tukaendelea na mambo mengine.

Siku mbili baadaye jua halikuonekana. Majivu ya mlima yalichanganyika na mawingu, na saa tisa za mchana ilikuwa kama saa moja ya jioni. Majivu yalianguka polepole, laini kama unga, juu ya migomba, juu ya bati, juu ya vichwa vyetu. Barabara kubwa ilijaa watu wenye magodoro na masufuria. Mama Riziki alitandika mkeka mbele ya nyumba, akaleta bugali na sombe ya majani ya muhogo. Furaha alikuwa amejikata kidole akimenya mihogo, amekifunga kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kilikuwa kimeanza kuwa chekundu.

Nilianza kushukuru. Watu wa nyumbani hunicheka kwa sababu ya sala yangu ya chakula, kwa kuwa namtaja kila mtu. Mama Riziki akanong'ona, "Shemeji, Mungu amesikia, bugali inapoa." Nilikuwa bado nimefumba macho niliposikia sauti uani: "Hodi."

Nanyi mnajua desturi yetu. Mtu akikukuta unakula, unamwita. Unasema bila kufikiri, kama vile unavyopumua, na yeye kwa adabu anajibu, "Asante, mukule tu, nimeshiba," anapita. Nikainua mkono, macho yangu bado yamefumbwa, nikasema, "Karibu tukule."

"Asante," sauti ikajibu. "Nilikuwa nangoja uniambie."

Nikafumbua macho. Alikuwa mwanamume mrefu wa makamo mwenye koti jeusi, hana mzigo wowote. Nilimtazama viatu kwanza, kwa sababu siku hizo kila aliyetoka barabarani alikuwa na vumbi mpaka magotini. Viatu vyake vilikuwa safi. Halafu nikaona jambo jingine. Sisi sote mabega yetu yalikuwa meupe kwa majivu. Koti lake lilikuwa jeusi tupu. Majivu yalianguka kulia kwake na kushoto kwake, na juu yake hakuna hata chembe moja.

Akakaa kwenye mkeka kati yangu na Furaha. Mama Riziki alimletea maji ya kunawa. Akarudisha mikono nyuma. "Nitakula baadaye, Mama." Kisha akaona daftari, akalichukua bila kuomba, akaanza kusoma. Alisoma akitabasamu, kama mwalimu anayesahihisha mtihani.

"Nani ameandika haya?"

"Ni mimi, papa," Furaha akasema, akimwita kwa heshima kama baba.

"Umefanya kazi nzuri. Hii ya jua ni sawa. Hii ya kukaribishwa ni sawa kabisa, na babu yako ameifuata vizuri." Akanitazama. "Lakini hapa umekosea, binti. Umeandika njaa inaongezeka pointi moja kila siku. Haiongezeki hivyo. Inalala kimya, hata wiki nzima. Halafu mtu mmoja anajikata kidole, na inafika yote mara moja."

Furaha akaficha mkono chini ya kitenge.

Jospin, ambaye hajui kunyamaza, akasema, "Papa, inaonekana umecheza huu mchezo sana."

"Tangu zamani."

"Na ile ya kumuchoma mti moyoni?"

"Hiyo iliandikwa na mutu ambaye hajajaribu."

Jospin alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka. Mama Riziki aliweka chini maji ya kunawa. Mimi nilishika rozari mfukoni. Mgeni hakuangalia mfuko wangu, lakini akasema kwa upole, "Muzee, acha tu. Nimepita katika nyumba nyingi zenye rozari. Wakishanikaribisha, nimekaribishwa."

Niaminini, hapo nilielewa kila kitu, na nilielewa pia kwamba kosa lilikuwa langu. Hakuvunja mlango wa mtu. Nilimwita mimi, kwa mdomo uleule niliokuwa nikisali nao.

Akamgeukia Furaha. "Nitalala hapa leo. Wewe utanionyesha mahali." Na Furaha, ambaye habishi na mtu lakini hatumwi na kila mtu, akaanza kuinuka. Aliinuka polepole, macho yakiwa wazi bila kuona, na kitambaa cha kidole kikaanza kudondosha damu kwenye mkeka. Nikamwita jina lake. Hakugeuka. Nikamwita kwa jina lake la ubatizo. Hakugeuka. Ningefanya nini? Kumpiga yule mgeni? Mtu wa nguvu za watu watano?

Mgeni alikuwa bado ameshika daftari. Kwa haraka yake ya kulifunga, ile karatasi ya mwisho iligeuka. Nikaona macho yake yakipita juu ya maandishi ya nyuma. Akalifunga upesi, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, akaliweka chini mbali na mimi. Ni jambo dogo, lakini mimi nimesahihisha watoto miaka mingi. Najua sura ya mtu aliyeona swali asilotaka kuulizwa.

Nikasimama. Magoti yangu yalilia. Nikasema, "Mgeni wetu, asante kwa kututembelea. Twende nikusindikize."

"Sijakula, Muzee."

"Safari yako ni ndefu. Twende."

Kwetu mwenyeji akishasimama na kusema hivyo, mgeni hana la kufanya. Nilingoja. Mimi si mtu wa haraka. Nilisimama pale na mkono wangu ukionyesha njia, na majivu yakaendelea kunianguka, mpaka yeye naye akasimama. Furaha akakaa chini ghafla kama aliyeachiwa kamba.

Kutoka nyumbani mpaka barabara kubwa ni njia nyembamba katikati ya migomba. Nilitembea upande wake, bega kwa bega, kama inavyotakiwa. Ukimwacha mgeni atangulie peke yake hujamsindikiza. Niliogopa? Niliogopa sana. Lakini miguu ilikwenda, na moyoni niliendelea na ile sala iliyokatishwa, nikataja wote niliokuwa sijawataja.

Katikati ya njia akasema, "Nyumba nyingi zinanifukuza. Wanapiga kelele, wanarusha maji. Nikifukuzwa, narudi."

"Na ukisindikizwa?"

"Ukisindikizwa, umeagwa."

Tulipofika barabarani watu walipita na mizigo yao bila kututazama. Akaninyooshea mkono. Nilijua ningeweza kukataa. Lakini kumsindikiza mtu na kumnyima mkono wa kwaheri ni kumfukuza kwa njia nyingine, na alikuwa ameniambia mwenyewe kwamba akifukuzwa hurudi. Nikatoa mkono wa kulia. Aliushika muda mrefu, kidole gumba chake juu ya mshipa wangu, akisikiliza.

"Damu imezeeka," akasema.

"Imezeeka," nikasema. "Safari njema, papa. Asante kwa kutembea."

Akaniachia. Aliingia kati ya watu, akaenda kaskazini, na sikumwona tena.

Niliporudi, Furaha alikuwa analia, damu ya kidole imekatika. Jospin alikuwa ameshika dadu, midomo yake mikavu. Alisema waliirusha nilipopotea kwenye migomba. Nikamwuliza ilitoa ngapi. Akatazama chini. "Ine, Babu."

Ine, yaani nne tu. Na sheria ilitaka kumi na tano. Nilikaa, nikanawa, nikamalizia sala, na tukala bugali iliyopoa kabisa. Nilimwambia Jospin kwamba dadu ni ya mchezo. Aliyenirudisha harushi dadu.

Tulirudi Katoyi ardhi ilipotulia. Baadaye vita vya waasi vilishuka kwa barabara ileile, na Mama Riziki naye akakimbia, akaja kukaa kwetu, na mimi nikapata nafasi ya kumpokea bila kuuliza siku ngapi. Sisemi yule mgeni alihusika na vita. Binadamu wanatosha kwa hilo. Furaha amemaliza masomo, ameolewa, na kidole chake kina kovu dogo. Daftari analo yeye. Bado wanacheza, na sheria ya tisa haijafutwa.

Na mkono wangu? Tangu siku ile ni baridi. Jua la mchana haliupashi, wala moto wa makaa. Muuguzi wa dispanseri ya mtaa wetu alitafuta mapigo kwenye kiwiko, kisha kwenye kifundo cha mkono, hakuyapata, akahamia mkono wa kushoto, akayapata mazuri, akarudi kulia, akaniuliza, "Muzee, huu mkono unafanyaje kazi?" Nikamjibu kwamba unafanya kazi vizuri. Ninaandika nao haya. Ninajipiga nao ishara ya msalaba kila asubuhi, na ninashukuru kwamba alichukua mkono mmoja wa mzee badala ya kile alichokijia.

Basi nanyi, endeleeni kuwaita wapita njia kwenye chakula chenu. Hilo msiliache, hata kwa ajili ya hofu. Lakini fumbueni macho kwanza, mtazame mabega ya anayepiga hodi. Na ikiwa neno limeshawatoka, msipige kelele, msirushe maji. Simameni, mumshukuru, mtembee naye mpaka barabarani. Na atakayemkaribisha ndiye aende. Asimtume mtoto.