Kabati la Mama Mkwe Mtarajiwa

Fundi rangi alikuwa na maneno kwa kila mtu isipokuwa mama mmoja tu, yule aliyemzaa mchumba wake. Na leo mama huyo alikuwa ameketi katikati ya karakana, mkoba mapajani, kwenye kiti alichofutiwa na kuwekewa na fundi mwenyewe. Alileta kabati lipakwe rangi, lakini hata kabati lilijua kilichomleta hasa. Alitaka kuona kama huyu anayemposa binti yake ana kazi au ana domo.

Fundi akawasha kompresa, mashine ya kusukuma upepo, akabonyeza bastola ya kupulizia rangi. Badala ya ukungu laini, ikakohoa matone. Mlango wa kabati ukawa kama umepata tetekuwanga.

"Mashine inaumwa?" mama akauliza.

Fundi akasema ni jambo dogo. Geji, kile kipimo cha tangi, ilionyesha upepo tele. Akamwaga maji yaliyojikusanya kwenye tangi, akasafisha kichujio, akaosha pua ya bastola kwa thina ya kuyeyushia rangi, akapaka sabuni kwenye maungio kutafuta panapovuja. Hapakuvuja. Mwishowe akaufuata mpira wa upepo kwa macho, kutoka tangini hadi chini ya kiti cha mama. Mguu mmoja wa kiti ulikuwa umeukanyaga barabara, na mama hakuwa mwepesi.

Kumwambia asogee aliona ni sawa na kumwambia amenenepa. Heshima ya namna hii imekwamisha mambo makubwa kuliko kabati. Akamkaribisha chai kibanda cha jirani. Mama akasema ameshakunywa. Akamsifia kivuli cha mlangoni. Mama akasema hapo panamtosha. Akamwomba basi aje aone rangi kwa karibu. Mama akainuka, na bastola, ambayo fundi alikuwa ameishika tena na kuibonyeza, ikafoka ukungu safi kabisa juu ya kiatu cha fundi mwenyewe. Mama akaketi. Ikakohoa.

"Ajabu," akasema. "Nikisimama inapona."

"Mama, kiti kimekanyaga mpira wa upepo."

Mama akainama kutazama.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kabla ya kukukaribisha chai."

"Na binti yangu akikukanyaga, utanyamaza hivi hivi, uzunguke nyumba nzima ukisafisha vichujio?"

"Binti yako huwa namwambia, mama. Ninayemwogopa ni wewe."

Mama akacheka mpaka mkoba ukaanguka. Akakibeba kiti mwenyewe, akakiweka ukutani, mbali na mpira.

"Paka kabati," akasema. "Ukimaliza nitakutajia siku ya kuja na wazee wako."