Taekwondo ya Polikarpi wa Kihanga

Ukimwacha padri, hapakuwa na mtu Kihanga aliyeinamiwa na watu wengi kuliko Polikarpi. Na padri walau alikuwa na kanisa. Polikarpi hakuwa na kitu. Alivuka mto Kagera kutoka Rwanda akiwa barobaro, na tangu hapo alikuwa kibarua wa mzee Ndyamukama. Alimpalilia migomba, alimchumia kahawa, na alilala na mkewe Mukantabana katika kibanda kilichojengwa nyuma ya kibanja, yaani shamba la migomba, cha mzee, mahali ambapo mtu mwingine angefuga mbuzi. Kutwa nzima aliitwa "we Polikarpi". Jua likianza kulegea tu, vijana wakikusanyika kwenye kiwanja cha kuanikia kahawa, aliitwa Mwalimu.

Hilo jina alilipata hivi. Vita vya Uganda vilipoanza mwaka sabini na nane, walihitajika watu wa kupika kwenye kambi ya mgambo upande wa Biharamulo. Polikarpi akaenda, maana chakula cha bure hakikataliwi. Kila asubuhi, yeye akisonga ugali kwenye pipa lililokatwa, wale mgambo walipanga mistari mbele ya jiko lake na kufunzwa taekwondo, mapigano ya Kikorea, na sajini mmoja ambaye naye alifunzwa na Wakorea wenyewe. Sajini alizunguka nyuma ya watu wake na fimbo mkononi, akihesabu kwa lugha ya huko: hana, dul, set. Polikarpi alitazama, akiacha mwiko na kujaribu. Mkono ukinyanyuka upande wa rundo la kuni, naye alinyanyua wake upande wa kuni. Mguu ukienda upande wa matanki ya maji, naye wake huko huko. Alishika kila kitu. Kichwa cha Polikarpi kilikuwa kizuri, sema hakikupata shule.

Hakuwahi kudai kwamba alikuwa askari. Alirudi Kihanga akasema "nilijifunza kambini", na watu wakajazia wenyewe. Watu wa Kihanga wana kipaji cha kujazia.

Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Anastazi, kitinda mimba wa mzee Ndyamukama, kijana ambaye rubisi ilikuwa imeanza kumshika kabla ndevu hazijamshika. Ndani ya mwaka mmoja Anastazi aliacha pombe, na baba yake, ambaye hakupenda hata kidogo kumwona mwanawe akimwinamia kibarua, akanyamaza na kuwaachia kiwanja. Wengine wakafuata: Wanyambo wa pale pale, watoto wa vibarua wa Kinyarwanda na Kirundi, hata wachunga ng'ombe waliotoka Nyakasimbi na fimbo zao. Na binti wa Polikarpi mwenyewe, Uwimbabazi, aliyekuwa na teke la kuangusha mkungu wa ndizi.

Wapita njia waliwacheka. "Kutwa hana, hana! Mwenzetu, hana nini?" Mukantabana, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, aliwajibu kwamba hana kila kitu, wakitaka orodha waingie ndani. Lakini walipocheka walikuwa wakitazama pia. Sare zilishonwa kwa magunia ya unga. Mikanda ya kahawia ilipakwa utomvu wa mgomba, ule ambao kila mama wa Kagera ameulaani kwa kuharibu nguo, na ambao hautoki hata ulie. Mmoja wao akifiwa, kundi zima lilikwenda kuchimba kaburi. Nyumba ya mmoja ikivuja, waliezeka. Msimu wa kukamata senene hapakuwa na mazoezi, kwa sababu hata nidhamu ina mipaka yake. Na mwana wa mwenye kibanja alimwinamia mwana wa kibarua, na mwana wa kibarua naye akamwinamia yeye, jambo ambalo Kihanga haikuwahi kuliona hata siku ya Pasaka.

Polikarpi mwenyewe alivaa mkanda wa kahawia kama wanafunzi wake wakubwa. Walimwambia aupake mweusi, matope ya bondeni yapo. Alikataa. Mweusi, alisema, mtu hajipi, anapewa.

Mwaka themanini na saba Anastazi alipeleka kahawa ya baba yake Bukoba, na huko akakutana na mtahini wa mchezo huo, bwana mmoja aitwaye Egbert. Aliporudi alikuwa akihema kwa furaha. Egbert angekuja. Wakifaulu mbele yake, kundi lingeandikishwa na Mwalimu angepewa mkanda mweusi, wa kweli, wenye jina lake.

Siku hiyo Polikarpi hakula.

"Baba Uwimbabazi," alisema Mukantabana, "huo mkanda tutaupika na maharage au na ndizi?"

"Mama Uwimbabazi, nisikilize," alijibu. "Mimi sina ardhi. Nikifa leo watasema kibarua wa Ndyamukama amekufa. Nikiupata huo, watamzika Mwalimu."

Kesho yake Mukantabana aliifua ile sare ya gunia mara mbili.

Egbert alikuja kiangazi cha mwaka uliofuata, Jumapili baada ya misa. Mzee Ndyamukama alichinja mbuzi, rubisi ikajaa vibuyuni, na watu walikuja hata kutoka Isingiro. Mtahini alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye miwani. Alimsalimu Polikarpi kwanza. "Shikamoo, Mwalimu." Polikarpi aliitikia marahaba.

Wakapanga mistari kufanya pumse ya kwanza, yaani ule mpangilio wa hatua na mapigo ambao kila mchezaji huanza nao popote duniani. Polikarpi akahesabu. Kundi zima likageukia kulia kwa pamoja, likakinga, likasonga, likapiga. Vumbi likapanda. Hakuna aliyechelewa, hakuna aliyeyumba, na watu wa Kihanga walipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Uwimbabazi alikuwa mstari wa mbele, na baba yake alimwona akipiga ngumi ya mwisho akajua, kabisa akajua, kwamba wamefaulu.

Egbert alivua miwani akaifuta. Akaomba warudie. Safari hii alikwenda kusimama nyuma yao, si mbele. Walipomaliza akamwita Polikarpi pembeni, lakini watu walikuwa wengi, na pembeni hapakuwapo.

"Mzee wangu, naomba nikuulize. Ulipojifunza, ulisimama wapi?"

"Jikoni," alisema Polikarpi.

Wengine walicheka wakidhani anatania.

"Na waliokuwa wakifundishwa walielekea wapi?"

"Walinielekea mimi."

Egbert akashusha pumzi. "Basi ulikuwa kama mtu anayetazama kioo. Wao walipokwenda kushoto kwao, wewe ulikwenda kulia kwako. Mzee, pumse hii inaanza kwa kugeukia kushoto. Zote mlizonazo ziko kinyume, kuanzia hatua ya kwanza mpaka ya mwisho."

 Mzee Ndyamukama aliuliza kwa sauti, "Jikoni? Kumbe alikuwa mpishi?" Na hapo palikuwa na watu ambao walikuwa wamejazia kwa miaka tisa, sasa wakaanza kupunguza.

"Lakini bwana," alisema Polikarpi, "si ni ile ile? Teke ni lile lile, ngumi ni ile ile. Upande tu."

"Kwa kupigana barabarani ni ile ile," alisema Egbert, na ilionekana inamuuma kusema. "Kwa mtihani siyo. Wana nguvu, wana nidhamu, sijaona kundi kama hili. Lakini siwezi kumpa hata mmoja mkanda. Wageuze. Nitarudi."

Mbuzi aliliwa, maana mbuzi hana kosa. Egbert akaondoka.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndivyo walivyomwambia Polikarpi wiki ile, kila mmoja kwa zamu yake, mpaka akatamani kumwona aliyetunga methali hiyo. Alijaribu. Haki yake apewe, alijaribu kuliko mtu yeyote. Alisimama mbele yao akapaza sauti, "Kushoto!" na mwili wake ukaenda kulia. Waliofuata mdomo walikwenda huku, waliofuata mwili walikwenda kule, wakagongana katikati kama ng'ombe mlangoni pa zizi. Walicheka. Alicheka nao. Siku ya pili ikawa vile vile, na ya tatu, na kicheko kikaanza kuwaishia. Vijana miili yao iligeuka ndani ya miezi michache. Uwimbabazi aligeuka mapema kuliko wote. Samaki hukunjwa angali mbichi, na Polikarpi alikuwa amekaukia upande wa kulia. Mwalimu gani anafundisha kitu ambacho mwanafunzi anakijua na yeye hakijui?

Anastazi hakusubiri Egbert arudi, alikwenda Bukoba kukaa naye. Baba yake alimlipia kila kitu. Sasa aliona faida ya mchezo huo. Mwaka wa tisini alirudi na mkanda mweusi akafungua kundi Kayanga, kwenye ukumbi wenye sakafu ya saruji, limeandikishwa na kila kitu. Hakuwa mtu mbaya, Anastazi. Alikuja kwanza kibandani kwa Polikarpi, akapiga magoti, akaomba baraka. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi, mtu angepata wa kumchukia.

Kundi la Kihanga likamomonyoka. Wa Nyakasimbi waliacha kuja, kisha Warundi, kisha wale wa jirani kabisa. Jioni moja alibaki Uwimbabazi peke yake.

"Baba, nikienda Kayanga utanikasirikia?"

"Nenda, mwanangu. Huko ndiko kwenye kushoto."

Alikusudia iwe mzaha. Binti hakucheka, na Polikarpi aliumia sana, akaingia ndani ili bintiye asimwone.

Baada ya mavuno mzee Ndyamukama alimwita. "We Polikarpi. Kile kiwanja nitakipanda miche ya kahawa. Anza mashimo kesho."

"Waitu, mzee," aliitikia kwa unyenyekevu.

Akachimba mashimo. Udongo pale ulikuwa mgumu kwa kukanyagwa, jembe lilirudi juu, na ilimchukua muda mrefu kuliko shamba lolote alilowahi kulichimba. Mukantabana alimletea maji akasimama kumtazama. "La kuvunda halina ubani, baba Uwimbabazi," alisema taratibu. "Liache." Watoto waliopita njiani walimwamkia, "Shikamoo mzee Polikarpi." Walikuwa na adabu. Hakuna aliyesema Mwalimu, na wala hawakukusudia kumuudhi, walikuwa wameshasahau.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mkewe alimkataza, na alikuwa na haki ya kumkataza. Alianza mazoezi peke yake ndani ya migomba. Alijifunga kamba ya mgomba kwenye mguu wa kushoto ili aukumbuke. Akienda polepole, akijisemea kila hatua, aliweza. Alirudia mpaka akaamini. Ndipo akachukua gunia jipya, akakata mkanda mweupe usiopakwa kitu, akaenda Kayanga kuomba apokewe kama mwanafunzi anayeanza. Alifikiri hivi: akiwa mnyenyekevu kiasi cha kuanza chini kabisa, na akafaulu mtihani mmoja tu, hata ule wa watoto, basi haitakuwa kwamba maisha yake yote yalikuwa makosa.

Anastazi alimpokea kwa mikono miwili. Alimweka mstari wa nyuma, na upande wake wa kulia akamsimamisha Uwimbabazi, aliyekuwa na mkanda wa kahawia wa dukani, ili amwongoze. Ilikuwa siku ambayo wazazi walikuja kutazama. Ukumbi ulijaa. Polikarpi alikuwa na umri wa karibu hamsini, na mbele yake walisimama watoto wasiozidi kifua chake.

Alijisemea kushoto. Alijisemea tena. Kamba ilikuwa mguuni, aliisikia. Anastazi akahesabu, "Hana!" kwa sauti kali, haraka, kama sajini yule.

Ukumbi mzima ukageukia kushoto, na Polikarpi akageukia kulia. Akajikuta uso kwa uso na bintiye. Miguu yake haikusubiri; ilikwenda na hesabu, akasonga, akapiga, na Uwimbabazi ilibidi ajivute nyuma ngumi isimfikie. Akamkanyaga mtoto wa mstari wa mbele yake. Mtoto akalia. Wazazi wakaguna, mwingine akacheka, na sauti ya mwanamume ikauliza huyu mzee ni nani.

"Tuanze upya," alisema Anastazi kwa upole.

Wakaanza upya. Akageukia kulia. Wakaanza mara nyingine, na sasa wote walikuwa wakimtazama, na Uwimbabazi alikuwa akimnong'oneza "kushoto, baba, kushoto", na yeye alikuwa akisikia neno na kulielewa na kulitaka kwa moyo wake wote. Akageukia kulia. Bintiye alikuwa pale tena mbele yake. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na mikono ilikuwa imeshuka.

"Baba," alisema, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, "nakuomba. Usije tena."

Polikarpi alimtazama. Kisha akamwinamia, vizuri, kiuno kimekunjika na macho chini, kama inavyompasa mwenye mkanda mweupe kumwinamia aliyemzidi, akapita kando ya wazazi akatoka nje. Nyuma yake Anastazi alihesabu tena, na safari hii ukumbi mzima uligeuka upande mmoja.