Namba 317 Mbele ya Kombi

Mume wangu, Manassé Kapenda, ni mchomeleaji vyuma, na kichwa chake kigumu kuliko vyuma vyenyewe. Watu wa Kamina wanapenda kunisimulia habari ya kombi ile kana kwamba sikuwepo. Nilikuwepo. Nilikasirika siku ile, na hasira haijaniisha.

Alifanya kazi miaka kumi na tisa katika karakana ya reli. Huko kila mchomeleaji alikuwa na namba yake, na akimaliza kazi aliigonga kwa nyundo kando ya kiungo, ili kiungo kikiachia njiani ijulikane ni mkono wa nani. Yake ilikuwa 317. Treni zilipopungua na kazi kwisha, alirudi nyumbani na mashine kuukuu ya kuchomelea na vile vyuma vitatu vya kugongea namba. Akaanza kufanya kazi uani kwetu. Vitanda, milango, misalaba ya makaburi, vyote vilitoka na 317. Nilimwambia mara ngapi kwamba hapa si reli, nani atamuuliza? Alikuwa anacheka tu.

Mwaka wa tisini na tatu majirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai walifukuzwa na vijana wa chama kimoja cha mkoa wetu. Sitapamba maneno. Watu tulioimba nao kanisani, waliowafundisha watoto wetu hesabu, waliambiwa warudi kwao, na wengi wao walizaliwa hapa hapa. Stesheni ilijaa familia zilizolala chini wiki nzima nzima zikingojea treni. Mukuna, karani, ambaye ukuta wake na wetu ni mmoja, alikuwa na kombi kuukuu ya Volkswagen yenye kitanda na kabati ndani, aliyouziwa na mmisionari mmoja. Watu wanane wa nyumba yake walienea. Wa tisa alikuwa mama yake, Tshiela. Miguu ilikuwa imemvimba, hakuweza kukaa, ilibidi alale. Na pale kitandani palikuwa na gurudumu la akiba. Juu halikuweza kuwekwa, kwa sababu paa lilikuwa la turubai.

Tshiela ndiye aliyenizalisha mtoto wangu wa kwanza, mvua ikinyesha, hospitali iko mbali. Kwa hiyo Mukuna alipokuja kwetu, nilisikiliza kila neno.

"Papa Manassé, hii pine ya sekuru inakamata nafasi ya mama," alisema. "Nikiiacha, njia ya Kaniama itatulalisha mu pori. Nikiibeba, minyi naacha mama ku stesheni."

"Tutaitosha mu motokari, tuifunge inje," Manassé akajibu. "Leta motokari kesho asubui."

Jéthro, shemasi wetu, aliyefanya naye kazi reli, alikuwa amekaa hapo anakunywa maji yangu. Akasema, "Weye Manassé, bale bantu ba chama bako na liste. Kila mwenye kusaidia Bakasai banaandika jina yake."

"Baambie baandike muzuri," mume wangu akasema. "Kapenda na K."

Asubuhi alilizunguka gari na kamba yake ya kupimia. Nyuma hakutaka, kwa sababu mlango wa nyuma ndio wa kumwingizia mama aliyelala, na chini yake kuna injini. Mbele bati ni jembamba, ukifunga gurudumu juu yake litapasuka kabla ya kufika mbali. Basi akashuka chini kabisa. Akafunga vyuma viwili vya pembe kwenye fremu, pale inaposhikwa pare-choc, yaani bampa, akavipandisha mbele ya pua ya gari, akavichomelea sahani ya chuma yenye bolti za kushika gurudumu. Nyuma ya sahani akaweka vipande vya mpira wa tairi, chuma kisigonge bati.

Bado anachomelea, wakaja wanaume wanne wa chama kile, wenye vitambaa vyekundu kichwani, wakasimama kwenye lango letu. Hawakuwa wa mtaa wetu; kombi ni ya nani hawakujua. Manassé aliwaangalia, akashusha kinyago chake usoni, akaendelea. Mimi nilikuwa natwanga. Niliacha kutwanga, lakini mchi sikuuweka chini mpaka walipoondoka.

Kazi ilipokwisha akachukua nyundo. Nikamshika mkono. "Hapa usipige namba, Manassé. Leo tu."

"Kazi bila namba njo kazi ya muivi," akasema, akagonga mara tatu.

Tukamlaza Tshiela kitandani. Aliniambia, "Éliane, mwana wangu, funga mulango ya jiko, mvua iko inakuya." Wakaondoka. Siku ile ile nilivificha vile vyuma vya namba ndani ya kopo la chumvi, kwa hasira.

Wiki mbili baadaye dereva wa lori alituambia kombi ilisimamishwa kwenye kizuizi cha wale wa vitambaa vyekundu kabla ya Kaniama. Waliiona namba kwenye chuma kipya wakauliza ni ya nani. Mukuna akasema hajui. Ikiwa waliachiwa au la, dereva hakujua. Lakini namba ilirudi Kamina, ikapelekwa kwa watu wa reli, na Jéthro alitaja jina la mume wangu. Alinieleza mwenyewe, amevaa shati lake la kanisa: "Baliniuliza, mama. Minyi shemasi, siwezi kusema bongo, Mungu anakataza kudanganya."

Wale wa vitambaa vyekundu walikuja mchana. Walimpiga Manassé mateke ya mbavu, wakabeba mashine, nyaya, hata kinyago. Mikono iliyotengeneza nusu ya milango ya mtaa ikabaki kulima mihogo.

Miezi miwili ikapita. Siku moja Jéthro akaingia uani akikokota baiskeli, fremu imekatika chini ya tandiko.

"Mashine iko kwa bale balioomba jina," nikamwambia. "Fuata kule."

Asubuhi hiyo tulikuwa tumepata kikaratasi cha Mukuna kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai. Nilikitoa kwenye kitenge nikamsomea kwa sauti, majirani wote wasikie: Mama alifika. Alilala njia yote. Pine haikutikisika.

Jéthro aliangalia chini. Akageuza baiskeli aondoke, na mume wangu akamwita. Nilitamani kumpiga mume wangu. Alikata kipande cha bomba, akakivisha juu ya mvunjiko, akatoboa kwa mkono, akakaza kwa bolti. Alifanya hivyo saa nzima, mbavu zinamuuma. Kisha akaniangalia.

"Éliane, uliviweka wapi?"

Nikaingia jikoni, nikamletea kopo la chumvi mwenyewe.

Mpaka leo Jéthro anakuja kanisani na baiskeli hiyo. Anaiegemeza ukutani, upande wenye 317 ukielekea ukuta, watu wasiione. Kila Jumapili mimi naipita na kuigeuza.