Ngoma Zilizokataa Kufungashwa

Mama Radi hakuitwa hivyo kwa ukali wake, ingawa ukali alikuwa nao. Wenzake wa okestra ya taifa walimpa jina hilo kwa sababu ya ngoma zake, zile kubwa za shaba ambazo ukikanyaga pedali sauti hupanda au hushuka. Shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, hakuielewa kabisa kazi hiyo.

"Yaani unasimama kimya wenzako wakihangaika, unagonga mara mbili tatu, halafu unarudi nyumbani umechoka?"

"Shangazi, hizo mbili tatu ndizo zinazowaamsha waliolala."

Kuzipata ngoma zile kulimtoa jasho. Alipoomba nafasi mara ya kwanza, mkuu wa okestra alimshauri ajaribu filimbi, eti ndiyo inayomfaa mwanamke. Akamwambia filimbi akampe mkewe, akajiondokea. Mwaka uliofuata akarudi, na uliofuata tena. Mwisho wakachoka wao.

Basi ikatokea safari ya ng'ambo. Serikali yao na ya nchi nyingine zilikuwa zimenuniana muda mrefu, na wakubwa wakaona muziki utalainisha mambo. Okestra ikapakiwa kwenye ndege pamoja na ofisa wa wizara, ambaye wanamuziki walimbatiza Bwana Itifaki, maana kutwa kucha alikuwa akifundisha watu nani akae wapi na nani atangulie kutoa mkono.

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Wanamuziki walikuwa chumba cha nyuma, wamevaa nyeusi tupu, wengine wakipasha vidole moto, Bwana Itifaki alipoingia simu mkononi na shingo imelowa.

"Hakuna kupiga. Fungasheni."

"Kuna nini?" akauliza mwongozaji wa okestra.

"Bendera yetu wameitundika ndogo kuliko yao. Nimepiga simu nyumbani. Amri ni kwamba tuondoke."

Mwongozaji akaanza kulegeza tai. Mama Radi akamtazama, akaona kweli mtu anavua.

"Watu wameshakaa," akasema.

"Watainuka," Bwana Itifaki akajibu. "Hapa tunalinda heshima ya nchi."

"Heshima ya nchi ni kuwakimbia watu waliotoka majumbani kwao kuja kutusikiliza? Kwa sababu ya kitambaa?"

"Mama, angalia mdomo wako. Ukipanda jukwaani, usijidai tena una kazi."

"Haya. Sitajidai."

Akachukua fimbo zake akatoka. Jukwaani viti vyote vilikuwa vitupu. Watu wakapiga makofi ya kusitasita, wakidhani ndivyo ilivyopangwa. Bahati ni kwamba kibao cha kwanza kilianza na ngoma peke yake. Akainamisha sikio, akagusa ngozi kwa kidole, akakanyaga pedali kidogo. Kisha akaziachia ngoma zingurume.

Ngurumo ile ilipenya hadi chumba cha nyuma. Mpiga fidla mkongwe akainuka. "Mimi nakaribia kustaafu," akawaambia wenzake, "watanifanya nini?" Nyuma yake wakafuata wapiga tarumbeta, kisha kundi zima, huku Bwana Itifaki akishika huyu mkono, akivuta yule koti. Mwongozaji aliingia wa mwisho, tai upande. Mama Radi alikuwa amerudia mwanzo mpaka mabega yanawaka moto, lakini hakupunguza hata kidogo.

Ukumbi mzima ulisimama kuwashangilia.

Waliporudi, wizara ilitangaza kwamba ziara imefana, na Mama Radi akasimamishwa kazi. Akaambiwa atarudishwa akiomba radhi.

"Si useme tu samahani, mwanangu," shangazi akamsihi. "Neno lenyewe dogo."

"Nikilisema, nitakuwa nimekiri kwamba tulikosea kuwapigia wale watu. Hatukukosea."

Shangazi akaendelea kukunja nguo. Lakini wiki ile, Bwana Itifaki alipokuja mwenyewe kumshawishi, bibi yule alimzuia kwenye kizingiti, mkono kiunoni.

"Hayupo," akasema. "Na hata angekuwepo, haombi."

Ikapita zaidi ya mwaka. Mama Radi akafundisha watoto muziki shuleni, akapiga harusini, akangoja. Okestra ikajaribu wapiga ngoma wengine, hawakudumu. Hatimaye wakamwita, bila kutaja radhi. Akaenda, akakagua ngozi moja moja, akagomba kwa vumbi alilolikuta juu yake, kisha akataka zibadilishwe zote.