Programu ya Maji Yahamia Mombasa

Nasiha Abdulghani alizaliwa Voi, nyuma ya duka la nguo la babake, na alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kupata kazi ya kompyuta. Mwaka 1996 alikuwa akitunza, peke yake, programu ya mradi wa maji iliyopanga zamu za kufungua mabomba kutoka mjini hadi vilima vya Sagalla. Aliyeiandika, Mzee Mwandawiro, alikuwa amestaafu na kurudi kwake Bura.

Kila programu ilipobadilishwa, kompyuta ya Voi iliweka kumbukumbu: nani kabadilisha, lini, na kwa nini. Sasa programu ilitakiwa ihamie makao makuu ya Mombasa, yaliyokuwa na mfumo mwingine wa kumbukumbu hizo, na ile mifumo miwili haikusomana. Harith, msimamizi wa kule, akapiga simu.

"Dada Nasiha, usijisumbue. Niletee toleo la mwisho tu. Hayo ya nyuma ya nini?"

"Nitakuja nayo yote, kaka Harith. Mzee hakugusa mstari bila sababu."

Kwa wiki tatu aliyatoa mabadiliko moja moja, yote mia moja na kumi na mawili, akayapanga kwa tarehe, kila moja na maelezo yake. Kisha akatia disketi mkobani, akapanda basi la asubuhi.

Waliketi pamoja kuyaingiza. Yalikwenda vizuri hadi la sabini na tatu, mfumo mpya ukalikataa.

Harith akasogea karibu na kioo cha kompyuta. "Aa, mstari huu niliufuta mimi, katika ile nakala mliyotuma mwaka jana, ambayo ndiyo iliyomo humu. Unaipa Sagalla saa tatu zaidi. Nikadhani ni kosa."

Nasiha alifungua maelezo ya badiliko lile, akamsomea: "Machi 1993. Maji hupanda Sagalla polepole. Bila saa hizi tatu tangi la juu halijai, na zahanati hukosa maji siku nzima."

Harith akatazama kalenda ukutani. Ratiba mpya ilikuwa ianze kutumika Jumatatu.

"Basi tuurudishe," akasema. "Na maelezo yake yaingie vilevile. Asije mwingine akaufuta kama mimi."

Kufikia alasiri mabadiliko yote yalikuwa yameingia. Wakachapa ratiba ya mfumo mpya, wakailinganisha mstari kwa mstari kwa rula na ile ya Voi aliyokuja nayo Nasiha. Hazikupishana hata dakika. Hapo ndipo Nasiha alipokumbuka kwamba hakuwa amekula tangu asubuhi. Harith akamwagizia biriani na chai, naye akala yote.

Jumatano iliyofuata alimpigia Danson, mlinzi wa tangi la Sagalla.

"Limejaa kama siku zote," Danson akasema. "Kwani kuna nini?"

"Hakuna neno, nilitaka kujua tu," Nasiha akamjibu, kisha akapiga nambari ya jirani wa Mzee Mwandawiro kule Bura, ili amwambie Mzee kwamba saa zake tatu zimebaki.