Nafasi ya Mama Kengele

Mama mkwe wangu walimwita Mama Kengele kwa sababu ya sauti. Akiimba kanisani, muuza mkaa aliyeko barabarani alijua ibada imefika wapi. Mimi na yeye tunashona sare za shule katika chumba kimoja, cherehani mbili zimetazamana, na tangu niolewe sikuwahi kuhitaji redio.

Sasa chumba kiko kimya mpaka kinaniudhi. Alipasuliwa uvimbe shingoni, na madaktari walimwambia mapema kwamba umeshikana na mishipa ya sauti. Alipona, ila kilichobaki kooni ni mnong'ono tu. Akitaka kuniita hugonga meza kwa mkasi. Mteja akileta ubishi anagonga mara ya pili, na ubishi unaisha.

Hakulilia koo lake. Alitaka kitu kimoja tu: kurudi mahali pake kwenye kwaya, mstari wa pili, kando ya nguzo, karibu nami. "Nitafungua mdomo," aliniambia kwa mnong'ono wake. "Mungu atajua kinachotoka."

Mwalimu wa kwaya akasema hapana. Yeye ndiye anayeongoza pia kipindi cha Biblia cha Alhamisi, na huko ndiko alikolimalizia jambo hilo. Akatufungulia Waebrania, pale sifa inapoitwa sadaka na tunda la midomo, akafafanua huku amefumba macho kama anayeonja mchuzi. Sadaka lazima itolewe, isikike. Asiye na sauti hana cha kuleta. Akae benchi la nyuma, tumwombee, Bwana akimponya atarudi.

Ebo! Damu ilinichemka.

"Mwalimu, hapo pameandikwa midomo au koo?"

"Midomo inayokiri, dada yangu. Kukiri ni kwa sauti."

"Na Hana je, yule aliyeomba mtoto hekaluni? Midomo ilicheza, sauti haikutoka, na Mungu akamsikia."

"Hana alikuwa akiomba haja yake. Kuomba siyo kusifu. Tusichanganye mambo."

"Kuhani alipomwona alidhani amelewa. Na wewe, Mama umemdhania nini?"

Watu wakainamia Biblia zao kana kwamba wamedondosha sindano humo. Mume wangu akanikanyaga mguu. Mwalimu akatabasamu lile tabasamu lake la upole, ambalo natamani siku moja nilifue kwa sabuni ya mche, akasema tufunge kwa sala.

Njiani nilibwata mpaka nyumbani. "Mke wangu, punguza moto," akasema mume wangu. Nipunguze! Mama yako mzazi anawekwa nyuma kama mwavuli uliosahauliwa, halafu mimi ndiye nipunguze moto!

Kesho yake nilijifunga kitambaa kichwani tayari kwenda kumshtaki kwa mchungaji. Mama akagonga meza. Nikasogeza sikio.

"Usiende. Maneno yale ni yangu."

"Yapi?"

"Nilimfundisha mimi, shule ya Jumapili. Watoto walikuwa wavivu kuimba, wanasinzia. Nikawaambia Mungu hapokei mdomo usio na sauti. Yeye alikuwa msikivu kuliko wote."

Nikakifungua kitambaa kichwani, nikakaa. Maneno ya kuamsha watoto wanaosinzia! Huyu bwana amekua nayo, ameyatafutia mstari, ameyavalisha joho, na leo anamrudishia mwenyewe.

Jioni nilimsindikiza Mama nyumbani kwa mwalimu. Alitupokea kwa heshima zote, akamfutia kiti kwa mkono wake, akainama. Mama akamnong'oneza, "Mwanangu, nilikosea. Nilitaka tu muimbe."

Nikashusha pumzi. Nilidhani yamekwisha.

"Hapana, Mama," akasema, na machozi yakamlengalenga, kweli kabisa, siongezi chumvi. "Hukukosea. Neno lile ndilo lililoniweka kanisani mpaka leo. Ni ugonjwa tu umekuvunja moyo. Siwezi kukuacha uliangushe mwenyewe."

Sasa mtu kama huyo utamfanya nini? Angekuwa adui ningejua pa kumshika. Anampenda Mama, mwalimu wake wa utotoni, kiasi kwamba hamsikii. Nilitoka pale nikiwa na hasira hata na mlango wake.

Jumapili, kwaya iliposimama, Mama akainuka benchi la nyuma. Hakuwa na joho. Akapita katikati ya watu, akaja kusimama kando ya nguzo. Mwalimu akateremsha mikono, akamsogelea, akafungua kinywa. Mama akamnyooshea kidole, kisha akakielekeza pale mwalimu alipotoka, kama anavyofanyiwa mtoto aliyeacha nafasi yake. Mwalimu akarudi. Wimbo ukaanza.

Mama aliimba beti zote. Nilikuwa bega kwa bega naye, niliiona midomo, hakuruka neno hata moja. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kovu la shingoni, na sauti haikutoka. Mwalimu alituongoza mpaka mwisho bila kumtupia jicho.

Na mimi mwenye koo zima, niliyempigania kwa kelele zote zile, kilio kilinikaba tangu ubeti wa kwanza mpaka wimbo ukaisha sijatoa sauti. Kwa mafundisho ya mwalimu, siku hiyo mimi pia sikuleta kitu.